Mwizi wa baharini anahusika na malaria yetu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Lindi mjini, aliyehoji katika ukurasa huu kwa nini kijana wa Mtwara mwenye shahada ya uzamivu bado yuko Kanada anachunguza "vijidudu vinavyoiba majani", badala ya kurudi kufundisha watoto wetu.

Nilitangulize hili nisije nikaumbuliwa baadaye: kijana mwenyewe ni mtoto wa kaka yangu. Basi msomaji akiona nimetia chumvi, apunguze. Lakini mimi ni mtaalamu wa maabara, kazi yangu ni kutazama damu za watu kwenye hadubini, na ningeandika barua hii hata kama angekuwa mtoto wa jirani.

Kwanza, si majani yanayoibwa. Ndani ya seli za mimea na mwani mna vifuko vidogo viitwavyo plastidi, na vile vya kijani, yaani kloroplasti, ndivyo vinavyotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita kifuko hicho kilikuwa bakteria anayejitegemea. Kiumbe mwingine wa seli moja akammeza, akashindwa au akakataa kummeng'enya, wakakaa hivyo kizazi baada ya kizazi mpaka yule aliyemezwa akageuka kiungo cha mwenyeji wake. Wataalamu wanaita endosimbiosisi. Mrusi Konstantin Mereschkowski aliliandika jambo hili mwaka 1905, na wengi wakalipuuza. Lynn Margulis wa Marekani alipolifufua mwaka 1967, makala yake ilikuwa imeshakataliwa na majarida kadhaa. Leo mwanafunzi wa biolojia asiyelijua anakosa maksi.

Sasa wako viumbe ambao hawajafika huko. Wao wanaiba tu. Yupo wa baharini aitwaye Mesodinium rubrum, seli moja yenye vinyweleo vya kuogelea. Akizidi kwa wingi, maji hugeuka mekundu. Huyu hula mwani wadogo sana, lakini kloroplasti zao hazimeng'enyi. Anazihifadhi na kuzifanyisha kazi. Tena anachukua hata kiini, yaani sehemu ya seli inayotunza maelekezo ya urithi, cha yule aliyemla, na mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba kiini hicho cha wizi huendelea kutoa maelekezo ndani ya mwili wa mwizi kwa muda wa hadi siku 30. Kisha anakuja Dinophysis, kiumbe mwingine wa seli moja, anamchoma Mesodinium kwa mrija na kumnyonya kama mtu anavyonyonya dafu, na kloroplasti zilezile zinahamia kwa mwizi wa pili.

Hapo ndipo kaka yangu alipocheka akasema mwanawe kaenda Kanada kujifunza mambo ya mjini. Mimi sikucheka sana. Baadhi ya Dinophysis hutengeneza sumu ambayo hujikusanya kwenye kome na chaza, na mlaji akaharisha vibaya. Kuchemsha hakuiondoi. Nyakati za bamvua, maji yakitoka, kina mama wetu huenda mbali mwambani kuokota chaza na pweza, na mtu akija kwangu anaharisha, nitatafuta amiba, nitatafuta minyoo, na ikibidi sampuli itapelekwa kupimwa kipindupindu. Katika vipimo nilivyonavyo mezani hakuna kinachotafuta sumu hiyo.

Swali la mtoto wetu, kwa jinsi alivyonieleza kwa sauti za WhatsApp (ananitumia ndefu, nazisikiliza nikisubiri slaidi zikauke), ni hili: mwizi anaachaje wizi? Kloroplasti iliyoibwa haijitoshelezi. Nyingi ya jeni, yaani maelekezo ya urithi, zinazohitajika kuiendesha na kuikarabati zilibaki kwenye kiini cha mwani ulioliwa, kwa hiyo baada ya muda inachakaa na mwizi analazimika kurudi kuiba. Ili iwe yake moja kwa moja, lazima jeni za kuitunza ziingie kwenye kiini chake yeye, na lazima apate njia ya kupeleka protini ndani ya kitu ambacho si chake. Kipi kinatangulia, jeni au umiliki? Mwaka 2023 ilichapishwa kazi juu ya kiumbe mmoja, Rapaza viridis, ambaye bado anaiba kloroplasti kwa mwani, lakini tayari ana ndani ya kiini chake jeni za kuitumikia mali ya wizi. Ina maana maandalizi yanaweza kuanza kabla mali haijawa yake. Kijana anachunguza mambo ya namna hiyo, na mimi sioni ujinga wowote ndani yake.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni malaria.

Slaidi ya damu ikishapakwa Giemsa, rangi ya kuonyesha vimelea, ikaoshwa na kukauka, naweka tone la mafuta na kushusha lenzi ya 100. Kimelea kichanga kinaonekana kama pete ya buluu, nyembamba, yenye nukta moja nyekundu inayokaribia zambarau. Rangi isipochujwa vizuri slaidi hujaa punje zilizoganda, na mpimaji mwenye haraka atamwandikia malaria mtu asiye nayo. Basi ndani ya pete ile, mahali ambapo Giemsa yangu haionyeshi kitu, mna plastidi. Imepoteza kijani chake na haitumii tena jua, lakini ipo. Mwaka 1996 ndipo watafiti walipothibitisha kwamba kipande cha DNA cha mviringo ambacho kilikuwa kinawasumbua akili kimo ndani ya kifuko hicho, ambacho sasa kinaitwa apikoplasti. Kina tabaka nne za utando, kwa sababu babu wa kimelea hakumeza bakteria. Alimeza mwani mwekundu uliokwisha kumeza bakteria.

Mwani mwekundu, ndugu yangu wa Lindi, ni kundi lilelile la mwani ambao kina mama wa huku wanaufunga kambani na kuuanika, ule wa kottonii na spinosamu. Na mwaka 2008 huko Australia alitangazwa kiumbe anayeitwa Chromera velia, jamaa wa kimelea cha malaria, ambaye hadi leo anakaa na matumbawe na kutengeneza chakula kwa jua. Nilipoambiwa hilo nilinyamaza kwa muda. Adui ninayemhesabu kila siku ana jamaa yake anakula jua baharini kwa amani zake!

Faida yake ni ipi? Kimelea hakiwezi kuishi bila kifuko hicho, maana humo ndimo kinamotengenezea malighafi fulani kisizoweza kuzipata vinginevyo kikiwa kwenye damu yetu. Binadamu hana plastidi. Kwa hiyo dawa inayolenga pale inakipiga kimelea mahali ambapo sisi hatuna cha kupigwa. Watalii wengi wanaokuja fukwe zetu humeza doksisaiklini kila siku kujikinga na malaria, na dawa hiyo inafanya kazi kwa kuharibu mashine ya kutengenezea protini ndani ya apikoplasti, ambayo mpaka leo inafanana na ya bakteria. Kimelea kilichomeza dawa hakifi papo hapo. Kizazi chake ndicho kinachoshindwa kuendelea. (Tafadhali, asitokee mtu akaenda duka la dawa kununua doksi ajitibu malaria. Ni ya polepole, haitibu peke yake, na wajawazito na watoto wadogo hawapaswi kupewa. Tibu kwa dawa mseto, baada ya kupima.)

Nije kwa hili la "bado anasoma". Hasomi. Amemaliza kusoma. Mtafiti wa baada ya uzamivu ni mfanyakazi wa mkataba, mara nyingi miaka miwili au mitatu, anayelipwa kutoka fedha za mradi, na mradi ukiisha anatafuta kwingine. Si mwanafunzi wala hana ajira ya kudumu, ndiyo maana kila msimu wa korosho ukifika na vijana wa watu wanajenga, kaka yangu anaulizwa mwanawe lini ataanza kazi. Hiyo ndiyo kazi. Na mshahara wake hautoki Mtwara wala Lindi, kwa hiyo msomaji mwenzangu asihofu, korosho zake ziko salama.

Arudi, ndiyo, hata mimi namtaka. Ila arudi wapi? Mezani kwangu kuna hadubini nzuri ya mwanga, na mwisho wa uwezo wake ni ile pete ya buluu. Kazi anayofanya inataka mashine za kusoma DNA na friji zisizozimika umeme ukikatika. Wanaomlaumu kwa kukaa mbali wangeanza kwa kuuliza ni nani anaiweka meza hiyo hapa Kusini, ambako tuna bahari yote na malaria yote.

Nina sharti moja nimempa, na yeye amelikubali. Lindi wanakumbuka mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, iliyochimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na hadi leo iko Berlin. Maji ya bahari yetu yasiende hivyo. Chochote atakachochukua, nusu itazamwe hapa, mbele ya wanafunzi wetu.

Kibali kikitoka, anatarajia kuja kipindi cha maleleji, bahari ikiwa shwari, kuchota maji ghuba ya Mikindani na kuona ni wezi gani tulio nao. Akikutwa ufukweni na ndoo na wavu wa macho madogo mno, wavuvi na wenyeviti wa mitaa wajue kwamba si mtu wa gesi wala mnunuzi wa majongoo bahari. Na huyo msomaji wa Lindi akitaka kuja siku hiyo, nitamwekea kiti karibu na hadubini.

Mtaalamu wa maabara,
Mikindani, Mtwara