Kwenu mnaojiita vijana na ndevu zina mvi

Wanangu wa maskani, assalaam aleikum.

Ijumaa iliyopita tulikaa msikitini hapa Mji wa Kale, kadhi keshakunja miguu, bwana harusi jasho linamtoka, kofia imelowa. Kunangojwa walii, naye hayuko! Akatumwa mtoto, akamkuta babake bibi harusi maskani, fulana ya timu imembana tumbo, anabishania penalti ya juzi. Miaka 49. Kuingia akasema, "Samahanini wazee, sisi vijana bwana." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kijana gani? Katiba yetu ya 2010 yasema kijana ni aliyetimiza 18 na hajafika 35. Hata Katiba imekukataa. Mtu mzima hovyo, wasemavyo mama zenu.

Carl Jung, yule daktari wa nafsi wa Uswisi, alishuka hapa hapa Mombasa mwaka 1925, akapanda gari moshi kwenda bara, akafika hadi Mlima Elgon. Yeye alishika kuwa ndani ya kila mtu mna sura za kale tunazozaliwa nazo: mama, shujaa, mzee wa hekima, na mtoto wa milele asiyetaka kukua. Huyo mtoto ana uzuri wake, ndiye anayecheza na kubuni. Balaa ni akikamata usukani nawe una binti wa kuoza. Maisha aliyafananisha na mwendo wa jua, akaonya kuwa alasiri haiishiwi kwa kanuni za asubuhi.

Nasi tuna yetu: mtoto, barobaro, mtu mzima, mzee. Litazameni hilo neno "mzima". Kikombe kizima ni kile kisicho ufa. Na Jung naye makuzi aliyaona ndiyo hayo, mtu kuwa mzima, pamoja na kivuli chake, yaani yale yake asiyopenda kuyaona.

Walii wetu namjua tangu akipiga mbizi na wenzake nyuma ya Fort Jesus. Kivuli chake ni hofu. Marehemu babake alilala na funguo za duka chini ya mto mpaka siku ya kufa, na wakati huo mwana ana miaka arubaini, hajawahi kufungua mlango ule peke yake. Angejifunzia wapi utu uzima? Hapo, wazee wenzangu, tuna kesi ya kujibu. Twang'ang'ania funguo, kisha twalalamika barazani kuwa vijana hawakui.

Mengine nayataja tu. Kinyago cha kazini kivueni mlangoni kwenu. Mtu akikuudhi kupita kiasi, jitazame kwanza. Maziko muende, mechi au hakuna mechi.

Na wewe walii, mwanangu, sijakutupa. Njoo Jumamosi baada ya alasiri, kahawa nitapika mwenyewe. Simu uiache kwako.