Risala ya Kikundi cha Wazazi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuhitimu Mafunzo ya Malezi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mlioambatana naye, wahitimu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako kumetupa moyo.

Kikundi chetu kilianzishwa na wazazi wachache waliochoka kusikia habari za mtoto akiwa ameshaumizwa. Leo ni kikundi imara na cha kutegemewa: kina kamati, kina daftari la mahudhurio, na miongoni mwa wahitimu wamo akina baba, mafanikio tunayothubutu kuyaita ya kihistoria.

Mheshimiwa, hapa hatukutani kuwasema wazazi. Mzazi hujifunza kutenga muda wa kucheza na mwanawe, kumsifu afanyapo vema, na kujituliza kabla hasira haijafika mkononi. Mwenye mtoto mchanga huelezwa kwamba kilio huzidi wiki za mwanzo na kufikia kilele karibu na mwezi wa pili, hata kwa mtoto mwenye afya. Kwamba akizidiwa amlaze mahali salama, asogee kando apumue. Na kwamba kumtikisa kwa nguvu kunaweza kuvujisha damu ubongoni na kumuua. Maelezo hayo hayamalizi saa moja, na wapo wanaoyasikia kwa mara ya kwanza wakiwa na mtoto wa tatu.

Uhitaji ni mkubwa. Mwaka 2024 UNICEF ilikadiria kwamba watoto milioni 400 wa chini ya miaka 5, yaani 6 kati ya 10, huchapwa au kutolewa maneno ya kuumiza nyumbani mara kwa mara. Na dawa inajulikana. Huko Elmira, New York, miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, wauguzi walianza kuwatembelea nyumbani akina mama wa uzazi wa kwanza, tangu ujauzito hadi mtoto alipofika miaka 2. Familia hizo zilipofuatiliwa miaka 15 baadaye, taarifa za watoto kuteswa au kutelekezwa zilikuwa pungufu kwa karibu nusu. Lakini wauguzi wale walikuwa kazini, wakilipwa.

Wawezeshaji wetu wanajitolea. Ndiyo maana tunawafikia wanaoweza kuja, huku anayehitaji zaidi, mzazi anayelea peke yake, anayefanya kazi usiku, au aliyelemewa na sonona, akibaki nyumbani bila wa kumbishia hodi.

Ombi letu ni moja: posho ya kila mwezi na nauli kwa wawezeshaji, iingie kwenye bajeti ya kawaida, si kwenye mradi wenye tarehe ya kufungwa.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia aliliita dogo, akaahidi majibu ndani ya mwezi. Tulipokumbusha kwa barua tuliambiwa linashughulikiwa. Tulipokumbusha tena tuliambiwa aliyekuwa akilishughulikia amehamishwa. Hatusemi haya kwa kulaumu. Ila wawezeshaji walioisubiri ahadi ile wameondoka kutafuta riziki, na darasa la wazazi wenye vijana wa rika la balehe limesimama hadi leo.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 hunukuliwa sana kwa ibara ya 19, inayomlinda mtoto dhidi ya ukatili. Ibara ya 18, inayoitangulia, inazitaka serikali ziwape wazazi msaada unaofaa katika kulea. Tunaomba zisomwe zote mbili.

Kwa unyenyekevu, tunakuomba ututajie leo ofisa wa kufuatilia na tarehe ya majibu. Na kama haiwezekani, tuambiwe hivyo, tujue pa kuelekea. Barua yetu iko mezani kwako, pamoja na nakala za zile zilizotangulia na daftari la kutia saini ya kupokea.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kamati