Adrenalini, chembe sahani na sampuli zinazoharibikia njiani

Mhariri,

Mtu akilalamika kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio na jasho linamtiririka, jijini hapa huambiwa ana msongo wa mawazo, akapumzike. Mara nyingi ni kweli. Lakini dalili hizo tatu zikija pamoja, kwa vipindi, na presha ikapanda ghafla, daktari aulizie feokromositoma: uvimbe adimu wa tezi ya adrenali, juu ya figo, unaomwaga adrenalini na noradrenalini kwenye damu.

Homoni hizo haziishii kwenye moyo na mishipa. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoshikana ili kuzuia kutoka damu, nazo zina vipokezi vya homoni hizo, yaani sehemu ambazo homoni hunasa, aina ya alfa-2. Adrenalini ikinasa hapo, AMP ya mzunguko, kemikali ya ndani inayozituliza chembe, hupungua, na kichocheo kidogo tu cha ADP au thrombini, kemikali za mwili zinazoziamsha chembe hizo, kinatosha kuzishikanisha. Tusitishane lakini. Katika kipimo cha chembe sahani, maabara huhitaji adrenalini ya mikromoli 5 hadi 10 kwa lita ili chembe zishikane, maelfu ya mara ya iliyomo kwa mtu aliyetulia. Mwilini kazi yake ni kuvipa nguvu vichocheo vingine. Tena vipokezi vikikaa muda mrefu ndani ya homoni nyingi huweza kuwa sugu, majibu yakatoka ya kawaida na uvimbe upo. Kwa hiyo kipimo cha chembe sahani hakitafuti uvimbe. Kinachoutafuta ni kipimo cha metanefrini, yaani mabaki ya homoni hizo zikishavunjwa, za plazma (maji ya damu) au za mkojo wa saa 24.

Tatizo ni pale damu za vipimo vyote viwili zinapotupwa kwenye kisanduku kimoja cha barafu. Ya metanefrini inaitaka barafu: mgonjwa alale chali dakika 20 hadi 30 kwanza, damu iingie chupa ya kofia ya zambarau, plazma itenganishwe mapema. Ya chembe sahani ni kinyume chake. Inakwenda chupa ya kofia ya bluu yenye sitreti (dawa ya kuzuia damu isigande) ya 3.2%, sehemu 1 kwa 9 za damu, na chupa ijae hadi alama. Ikiwa nusu, sitreti inazidi na majibu yanapotoka. Isiguse barafu, maana baridi huzitoa chembe miiba zikaamka kabla ya kupimwa. Kuitikisa ni vilevile, na bodaboda kwenye makorongo haina huruma. Kipimo kikamilike ndani ya saa 4 tangu damu itoke, muda ambao foleni ya Barabara ya Kilwa jioni inaweza kuula sehemu kubwa. Kama mgonjwa amemeza aspirini ndani ya siku 10, iandikwe kwenye fomu.

La dawa ni zito zaidi. Propranolol hununuliwa kirahisi kutuliza mapigo, lakini kwa mwenye uvimbe huu ikitangulia peke yake hufunga vipokezi vya beta vinavyolegeza mishipa, vile vya alfa vikabaki vinaibana bila mpinzani, na presha hupaa. Kizuizi cha alfa, yaani dawa ya kufunga vipokezi vya alfa, kianze, kwa kawaida siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji wa kuutoa uvimbe, pamoja na maji na chumvi ya kutosha. Dawa hizo hazifanani: doxazosin hufunga alfa-1 tu, vipokezi vya mishipa. Phenoxybenzamine hugusa na alfa-2. Kwa hiyo anayetumia doxazosin, presha yake ikitulia, vipokezi vya chembe sahani bado viko wazi.

Wataalamu wa maabara,
Dar es Salaam