Mama akifa leba, tuulize kwa nini kabla ya kuuliza nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua niseme neno kuhusu namna tunavyopokea habari za mama kufariki akijifungua. Habari hizi karibu zote huishia mahali pamoja: mkunga kasimamishwa kazi, kamati imeundwa, ndugu wanadai haki. Wiki mbili baadaye, kimya. Nimekuwa mkunga kwa miaka 29, sasa nimestaafu, na ninajua kinachobaki wodini baada ya kimya hicho. Kinabaki kilekile kilichomuua.

Usiku mmoja nikiwa zamu, mama mmoja alijifungua mtoto wake wa tatu saa nne. Kondo la nyuma lilitoka lote, mtoto akalia vizuri, mama mwenyewe akawa anacheka. Nikaandika kwenye faili: damu, mililita 300. Sikuipima. Hakuna aliyekuwa akiipima. Tulitazama shuka na beseni tukakadiria, kama walivyofanya waliotufundisha. Nikakimbilia kwa mwingine aliyekuwa anasukuma. Nilipomrudia yule wa kwanza akaniomba maji. Akapiga miayo, akapiga tena. Mkono wake ulikuwa wa baridi na mapigo yanakwenda mbio. Shuka la juu lilikuwa safi kabisa. Nilipopitisha mkono chini ya kiuno chake ukatoka umelowa, na damu ilikuwa imefuata mpira wa godoro ikamwagikia sakafuni, upande wa ukutani ambako hakuna anayepita. Tulikanda mji wa mimba, tukachoma sindano, tukatundika dripu, tukamtuma mtu mbio akatafute damu. Mama yule hakuiona asubuhi.

Kwenye kikao cha kujadili kifo kile, swali la kwanza lilikuwa: nani alikuwa zamu? Nilikuwa mimi, na kikao kikawa kimekwisha ingawa tulikaa saa mbili. Hakuna aliyeuliza kwa nini wodi nzima haikuwa na chombo cha kupimia damu. Hakuna aliyeuliza wakunga wawili walikuwa na wazazi wangapi usiku ule. Hakuna aliyeuliza oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba tuliyomchoma, ilikuwa imekaa wapi, wakati dawa hiyo inatakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikikaa kabatini kwenye joto hupoteza nguvu huku kichupa kikionekana kilekile. Nilipewa barua ya onyo. Wenzangu walijifunza jambo moja tu, kwamba faili likae sawa kabla kikao hakijaitishwa. Damu iliendelea kukadiriwa kwa macho.

Na macho hayawezi kazi hiyo. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha akina mama zaidi ya 200,000. Hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida ziligundua karibu nusu tu ya waliokuwa wanavuja damu kupita kiasi. Zile zilizopewa karatasi ya plastiki ya kutandika chini ya mama, yenye mfuko na mistari ya vipimo, ziligundua zaidi ya asilimia 90. Mara tu damu ilipovuka kiwango, mama alipewa tiba zote kwa pamoja: kukandwa mji wa mimba, dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, dripu, na kukaguliwa damu inatoka wapi. Hawakujaribu moja, wakasubiri, kisha wakajaribu nyingine. Kuvuja damu kwa kiwango cha kutisha, pamoja na upasuaji na vifo vitokanavyo nako, kulipungua kwa asilimia 60. Nilisoma matokeo hayo nikiwa nyumbani, nikamkumbuka yule mama na mililita zangu 300. Karatasi ya plastiki yenye mistari!

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 walikufa wanawake wapatao 260,000 kwa sababu za ujauzito na uzazi, yaani zaidi ya 700 kila siku. Wengi wao waliuawa na mambo tunayoyajua kwa majina: kuvuja damu, kifafa cha mimba, maambukizi, uchungu pingamizi (mtoto kukwama njiani), mimba zilizotolewa kwa njia zisizo salama. Kifafa cha mimba kina dawa, magneziamu salfeti, na tangu mwaka 2002 inajulikana wazi kwamba inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mama akifa kwa kifafa hicho, tunapaswa kujua ni wapi pressure yake haikupimwa, au ni kwa nini dawa ilikuwa stoo iliyofungwa na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani.

Kwa watoto ndiko tunakouliza kidogo zaidi. Kila mwaka karibu watoto milioni 2 huzaliwa wakiwa wamekufa, na zaidi ya asilimia 40 kati yao hufa uchungu ukiwa umeshaanza. Mkunga anayekagua mwili hulitambua hilo: mtoto aliyefia tumboni siku kadhaa nyuma ngozi yake huchubuka, wa saa chache ngozi yake ni nzima, utadhani amelala. Huyu wa pili alifika kwetu akiwa hai. Moyo wake ulisikilizwa lini kwa mara ya mwisho? Mwingine amezaliwa hapumui lakini moyo unapiga, angehitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo, na kupewa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Asipopewa, daftarini ataandikwa "amezaliwa mfu", na mlango wa kuuliza unafungwa kwa maneno hayo mawili.

Maneno mengine yanayofunga mlango ni "alichelewa kufika". Nimeyaandika mara nyingi mwenyewe. Lakini mama hachelewi tu. Pengine alisubiri ruhusa ya mtu, au hapakuwa na gari, au uzazi uliopita alitukanwa na kupigwa makofi ya mapaja akaapa hatarudi. Na wako waliofika mapema wakacheleweshwa na sisi, wakiwa wamelala hatua kumi kutoka chumba cha upasuaji.

Uingereza na Wales walianza mwaka 1952 utaratibu wa kuchunguza vifo vya wazazi kwa siri, majina ya mama na wahudumu yakiondolewa, ili waliohusika waseme kweli. Utaratibu huo unaendelea hadi leo. Nchi nyingi sasa zina miongozo inayofanana na huo, na kwenye karatasi ni mizuri. Kinachokosekana ni kikao ambacho dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa maabara, mkunga wa zamu na ndugu wa marehemu wanasikilizwa bila hofu, na yanayokubaliwa yanapewa mtu wa kuyatekeleza na tarehe. Sisemi asiadhibiwe mtu. Aliyedai rushwa huku mama anavuja damu, au aliyekuwa amelewa, apelekwe panapostahili. Ila hicho ni kikao kingine, na tukivichanganya hivi viwili tutaendelea kupata mafaili safi na makaburi mapya.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwa waandishi wako. Wakifuatilia kifo cha namna hii, wasiishie kwa mganga mkuu na jina la aliyekuwa zamu. Waulize saa ngapi damu ilianza kutoka na ilipimwa kwa chombo gani. Waulize ilichukua dakika ngapi kupata chupa ya kwanza ya damu, na rufaa ilitolewa saa ngapi na gari likaondoka saa ngapi. Kisha warudi baada ya miezi mitatu na maswali hayohayo, kwenye wodi ileile.

Mkunga mstaafu