Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wakereza wenzangu wa Mombasa, tunaochonga mbao inayozunguka kwenye mashine

Ndugu wanachama, assalamu alaykum na hamjambo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina baada yangu, nami sitazigusa. Nataka kusema juu ya mabakuli yaliyopasuka, maana ndiyo yaliyotuumiza mwaka huu.

Mtakumbuka ule mwembe ulioanguka Kisauni wakati wa masika. Mwenyewe alitupa magogo bure, tukayasukuma kwa mkokoteni hadi karakana. Mti mbichi unakerezeka raha: patasi haipati ukinzani, maji yanakurukia usoni, maganda yanatoka marefu kama utepe. Tulikereza mabakuli membamba siku ile ile, tukayapanga rafuni karibu na dirisha. Wiki mbili baadaye nilishika langu nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kinavunjwa. Ufa ulianzia mdomoni ukashuka hadi kitakoni. Mengi ya wenzangu yalikwenda hivyo hivyo, na nilisikitika hasa kwa vijana waliokuwa wakikereza mara ya kwanza.

Mbao haisinyai sawasawa. Ikikauka, husinyaa kufuata duara za umri wa mti karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gandani. Ndiyo maana bakuli la duara hugeuka umbo la yai. Likikauka polepole hujikunja tu. Likipigwa na upepo wa dirishani, nje hukauka kabla ya ndani, na hapo halina budi kupasuka.

Kwa hivyo kamati imeweka utaratibu. Bakuli bichi likerezwe nene kwanza, ukuta wake uwe sehemu moja ya kumi ya upana: la inchi 10 libaki na inchi 1. Pale nyuzi za mbao zilipokatwa vichwa pakwe nta, kisha bakuli lifungwe kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maganda yake. Kila Jumamosi lipimwe, uzito uandikwe kwa penseli kitakoni. Nina bakuli moja mkononi hapa lenye safu nzima ya namba, gramu 1,840 juu na 1,215 chini, na hiyo ya mwisho imejirudia mara tatu, yaani limeacha kukauka. Hilo sasa liko tayari kurudi kwenye mashine likerezwe jembamba, nalo halina ufa hata mmoja. Miezi inapita, ndiyo, lakini sijaona njia ya mkato.

Usalama. Mwanachama mmoja alipigwa begani na bakuli lililochomoka kwenye mashine, na nashukuru Mungu kwamba halikumpata usoni. Bakuli la inchi 12 lianzie mwendo wa chini kabisa wa mashine, na lisizidi mizunguko 750 kwa dakika. Asiyevaa ngao ya uso asiwashe mashine. Barakoa pia, hasa kwa vumbi la mpingo na mwarobaini, linalowasha koo na macho.

Mafuta ya nazi tuyaache jikoni. Hayakauki juu ya mbao, na bakuli hubaki likinata na kuvuta vumbi. Nta ya nyuki, au mafuta ya kitani yaliyopewa siku za kukauka, yanatosha.

La kufurahisha ni vyombo vya maua vya mwarobaini. Wachongaji wengi wa pwani waligeukia mti huu baada ya muhugu kuadimika, nasi tunaokota vipande wanavyobakiza. Kimoja, chenye shingo nyembamba kama ya mrashi, kimekerezwa na binti aliyejiunga mwaka huu. Nilipokishika nilikumbuka miguu ya vitanda vya bibi zetu, iliyokerezwa na mafundi wasio na umeme. Kazi hii ni ya kwetu tangu zamani, na jina lake tunalo.

Ombi langu ni moja. Mizani yetu ya jikoni inaishia kilo 5. Mti wa mkungu ulioko Tudor unakatwa wiki ijayo, na mabakuli yake yatakuwa mazito kuliko hapo. Naomba mkutano huu uidhinishe leo ununuzi wa mizani ya kilo 20.