Mtihani unafika wodini, mwalimu hafiki

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo nimeshaliongea kwenye korido za watu hadi nimechoka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwa kusomea, ajira bado nasubiri kama wenzangu wengi tuliojaza maombi kwenye ule mfumo, na wakati nasubiri najitolea kufundisha watoto waliolazwa kwenye hospitali moja hapa Tabora mjini. Watu wakisikia hivyo wanadhani naenda kusoma hadithi na kugawa pipi. Nafundisha jamani. Hesabu, Kiswahili, sayansi, na madaftari nasahihisha kwa kalamu nyekundu kama kawaida.

Watoto wenye malaria wengi wao si wa kwangu, hao homa ikishuka siku chache wako nyumbani. Wa kwangu ni wale wanaokaa. Msimu wa maembe ukifika, na mnajua Tabora na maembe yake, tunapokea waliodondoka juu ya miti, paja limevunjika, mguu unavutwa na uzito huku mtoto kalala chali wiki na wiki, kichwa kizima, mikono mizima, utundu wote anao, mguu ndo umevunjika ila na shule nayo imesimama. Wapo walioungua na uji au mafuta ya moto. Wapo wenye usaha kwenye mfupa, hao wanasafishwa leo wanasubiri wanasafishwa tena. Mama anauguza, baba yuko Kaliua au Sikonge na tumbaku yake haiwezi kuachwa, hakuna hata wa kupita shuleni kumwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto amelazwa.

Ila wa sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ndo wananiumiza zaidi. Hawa hawakai muda mrefu kwa mkupuo, wanarudirudi. Leo mifupa inauma, mwezi ujao damu imeshuka anaongezewa, anatoka, baridi ya Juni Julai ikipiga karudi tena. Tanzania maelfu ya watoto wanazaliwa na huu ugonjwa kila mwaka, si kwamba naongelea watoto wawili watatu, na wengi kwenye rejista ya shule wanasomeka watoro, tena darasani wenzao wanawacheka macho ya njano na walimu wengine (nisiwafiche, wenzangu hawa) wanawaita wavivu. Mtoto hajawahi kukaa muhula mzima darasani halafu mwisho wa mwaka anapangwa namba na waliokaa.

Sasa kazi yenyewe ilivyo. Huwezi kuanza kabla raundi haijaisha, madaktari wakipita wewe ni mtu wa kusimama pembeni, kwa hiyo tunaanza kama saa nne hivi na tunakatwa na muda wa dawa, muda wa kubadilisha vidonda, muda wa chakula, na saa ya kuona wagonjwa ndo kabisa usithubutu, mashangazi wanakuja na machungwa na maneno mengi. Darasa la pili, la nne na la saba wote ni wako kwa wakati mmoja, mmoja kitandani, wawili kwenye benchi, mmoja kashika stendi ya dripu yake. Nilimuomba sista inchaji kwamba mtoto anayesoma kama inawezekana kanula, ule mrija wa dripu, iwekwe mkono asioandikia, akakubali, na ni jambo dogo mno ila usipolisema hakuna atakayelifikiria. Penseli haziazimani, kila mmoja na yake, vitabu nimevivalisha nailoni ili vifutike kwa dawa, wodi ya walioungua huko siingii na kitu kilichotoka kwingine.

Vifaa vya kufundishia viko pale pale. Sehemu? Mwambie mtoto anayepewa robo ya kidonge kila baada ya masaa nane akwambie kwa siku anameza kiasi gani, na kidonge kizima kinampeleka siku ngapi. Desimali tunazisoma kwenye kipimajoto, 38.5 na 37.9 ipi kubwa, na hapo hakuna anayesinzia maana ya chini ndo inayomsogeza nyumbani. Kuna mama mmoja aliyekuwa anauguza mwanae, kusoma hajui, akaanza kukaa karibu kama anayetengeneza shuka, mwisho akaomba daftari lake.

Kinachonishangaza ni hiki. Wote tumeshasoma humu humu magazetini habari za mtahiniwa kaumwa wiki ya mtihani na akafanyia mtihani hospitalini na msimamizi yupo. Safi kabisa, sipingi. Maana yake Septemba ikifika serikali inaijua njia ya kwenda wodini, bahasha inafika, kanuni zinafuatwa. Sasa kuanzia Januari hadi Agosti hiyo njia inapotelea wapi? Tunampelekea mtoto maswali ya vitu ambavyo hatukumpelekea kufundishwa.

Nimejaribu kufuatilia nijue ni nani mwenye kosa, na jibu ni hakuna. Hospitali za rufaa za mikoa tangu mwaka 2017 ziko Wizara ya Afya, walimu wa msingi wako TAMISEMI, upande wa serikali za mitaa. Ukienda upande wa elimu unaambiwa hao ni wagonjwa, ukienda upande wa afya unaambiwa hao ni wanafunzi. Wodi haina namba ya usajili wa shule, haina usajili haina ikama (idadi ya walimu inayopangiwa), haina ikama haina mwalimu, imeisha hiyo. Wakati Sheria ya Mtoto ya 2009 inaposema mtoto ana haki ya elimu haijaandika isipokuwa aliyelazwa.

Na njia ipo, hatuhitaji hata kujenga. Shule shikizi tunazo nchi nzima, zile za watoto wanaokaa mbali na shule mama, mwaka 2021 kwenye fedha za UVIKO yalitengwa madarasa 3,000 kwa ajili yake. Wodi ya watoto ifanywe shikizi ya shule ya msingi iliyo karibu na hospitali. Mwalimu mmoja atoke kwenye ikama ya shule hiyo, mahudhurio ya wodini yahesabiwe, mtoto akiruhusiwa aondoke na karatasi inayoonyesha alifundishwa nini ili shuleni kwake asiandikwe mtoro. Muhimbili kwenye wodi ya watoto wenye saratani darasa lipo, kwa hiyo si hadithi ya Ulaya. Ingawa hata huko Ulaya, Uingereza kwa mfano, mtoto akifikisha siku 15 hajaenda shule kwa ugonjwa halmashauri inatakiwa impangie masomo, na pale London hospitali ya Great Ormond Street ina shule ndani yake.

Na sisi Tabora ni mji wa walimu, Nyerere mwenyewe alishika chaki hapa kwenye shule ya St. Mary's. Chuo cha Ualimu tunacho, chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA kipo kinatoa walimu, wanachuo kila mwaka wanahangaika kupata shule za BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, wanajazana watatu kwenye somo moja. Waleteni wawili wawili wodini, mkufunzi aje awakague pale pale.

Wazazi wengi wananiambia mwalimu acha apone kwanza, shule haikimbii. Nawaelewa, mtu aliyekesha na mtoto wiki nzima huwezi kumletea habari za kuzidisha. Lakini shule inakimbia, na nimeona wanaotoka wamepona vizuri kabisa halafu wanakataa kurudi darasani kwa aibu ya kurudishwa nyuma wakae darasa moja na wadogo zao, hasa mabinti wakubwa wakubwa, na baada ya hapo unasikia kaolewa.

Mwisho, kwa wanaopenda kusaidia wakati wakubwa wanajadiliana: tunahitaji vitabu vya kiada vya mtaala mpya, hata vilivyotumika, mradi kurasa zipo, na penseli. Midoli ya manyoya naomba msilete, haisafishiki na masista wanaikataa getini.

Mwalimu wa kujitolea,
Isevya, Tabora.