Freddie Mercury hakutunga nyimbo zote za Queen

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo hujirudia kila inapofika tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa Freddie Mercury, na tarehe 24 Novemba, siku aliyofariki. Magazeti na redio zetu humkumbuka, na wana kila sababu ya kumkumbuka mtoto huyo aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ambaye sauti yake ilikuja kujulikana duniani kote. Lakini makala nyingi ninazozisoma humhesabia yeye peke yake kila wimbo wa Queen, kundi la roki la Uingereza ambalo yeye alikuwa mwimbaji wake, zikiwamo “We Will Rock You”, “Another One Bites the Dust” na “Radio Ga Ga”. Nyimbo hizo tatu hakuzitunga yeye. Ya kwanza ni ya Brian May, mpiga gitaa. Ya pili ni ya John Deacon, mpiga besi. Na ya tatu ni ya Roger Taylor, mpiga dramu.

Huenda wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba wimbo ni wa yule anayeuimba. Mimi ni mpenzi wa muziki wa roki wa miaka ya 1960 na 1970, nimeusikiliza kwa muda mrefu na kwa makini, na naona kwamba kosa hili linatuficha kitu kikubwa kuliko vyote katika historia ya kundi hilo. Makundi mengi makubwa ya wakati ule yalitegemea kalamu moja au mbili. Nyimbo za Rolling Stones kwa sehemu kubwa zilitoka kwa Mick Jagger na Keith Richards. Za The Who zilitoka kwa Pete Townshend. Creedence Clearwater Revival waliishi kwa tungo za John Fogerty. Katika Queen, watu wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja wao alitunga wimbo ambao dunia nzima inaujua. Ndiyo maana mwaka 2003, taasisi ya Marekani inayowaenzi watunzi wa nyimbo iliwapokea wote wanne, na si mwimbaji peke yake.

Chukua mfano wa Live Aid, tamasha la kuchangisha fedha za waathirika wa njaa Ethiopia, katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, ambalo waandishi wetu hupenda sana kulitaja. Katika dakika zipatazo 20, kundi lilipiga nyimbo sita. Tatu zilikuwa za Mercury: kipande cha “Bohemian Rhapsody”, “Crazy Little Thing Called Love” na “We Are the Champions”. Mbili zilikuwa za May: “Hammer to Fall” na “We Will Rock You”. Moja, ile iliyofanya uwanja mzima unyanyue mikono na kupiga makofi kwa pamoja, ilikuwa “Radio Ga Ga” ya Taylor. Kwa hiyo hata siku ile ambayo watu huiita siku ya Mercury, nusu ya nyimbo alizoziimba zilitoka kwa wenzake waliosimama nyuma yake wakipiga vyombo.

Naomba nikae kidogo kwenye “We Will Rock You”, kwa sababu ni mfano mzuri wa jinsi mtunzi anavyofikiri. Mwaka 1977 kundi lilipiga katika ukumbi wa Bingley Hall, mjini Stafford, Uingereza, na walipomaliza na kuondoka jukwaani, wasikilizaji waliendelea kuwaimbia wimbo unaopendwa na mashabiki wa mpira. May akajiuliza: watu waliobanana hivi, wasio na nafasi ya kucheza, wanaweza kufanya nini? Wanaweza kukanyaga kwa miguu, kupiga makofi na kuimba. Wimbo wote umejengwa juu ya jibu hilo. Vishindo viwili vya miguu, kofi moja, kisha kimya kifupi, halafu mzunguko unaanza upya. Hakuna dramu na hakuna besi. Gitaa lenyewe linasubiri hadi karibu na mwisho ndipo liingie. Studioni walikanyaga juu ya mbao na kurudia mara nyingi, na May, ambaye alikuwa amesomea fizikia katika Chuo cha Imperial, London, akapanga ucheleweshaji wa mwangwi ili watu wachache wasikike kama maelfu waliosimama mbali na karibu. Msikilizaji asiyejua kwamba mtunzi alikuwa mtu wa sayansi ataufurahia vilevile, lakini akishajua, ataanza kusikia umbali ndani ya vile vishindo.

Mercury naye alitoa jibu lake kwa swali hilohilo, na jibu lake ni “We Are the Champions”. Tazama tofauti. May aliondoa karibu kila chombo. Mercury, aliyejifunza piano tangu utotoni aliposoma katika shule ya bweni huko Panchgani, India, aliketi kwenye piano na kutunga wimbo unaoanza polepole, unaopanda ngazi kwa ngazi, hadi kufikia kiitikio ambacho umati unaweza kukiimba huku ukiyumba upande huu na huu. Nyimbo hizo mbili zilitolewa pamoja katika sahani moja ya santuri, moja kila upande, na redio nyingi hadi leo huzipiga zikifuatana. Tukisema zote mbili ni za mtu mmoja, mazungumzo hayo kati ya watunzi wawili yanapotea kabisa.

Ninayemwonea uchungu zaidi ni John Deacon. Alikuwa wa mwisho kujiunga na kundi, mwaka 1971, alikuwa mkimya kuliko wote, na katika santuri za Queen hakuwa mwimbaji kama wenzake watatu. Hata hivyo ndiye aliyetunga “You're My Best Friend”, wimbo aliomtungia mkewe. Aliutunga kwa piano ya umeme aliyokuwa akijifunza kuipiga wakati huo, na kwa kuwa Mercury hakuipenda sauti ya chombo hicho, Deacon aliipiga mwenyewe katika rekodi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1980, alileta “Another One Bites the Dust”. Sikiliza ile besi: noti chache nzito, kisha nafasi tupu, kisha noti chache tena. Deacon alikuwa amevutiwa na muziki wa Wamarekani weusi, akaketi na wanamuziki wa Chic, kundi la disko la Marekani, na vyombo vingi katika wimbo huo alivipiga yeye. Michael Jackson ndiye aliyewahimiza wautoe kama wimbo wa kujitegemea, na ukafika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Mercury aliuimba kwa nguvu zote, na sifa ya uimbaji ni yake. Lakini mtu asiyeimba anapotunga wimbo, lazima aisikie sauti ya mwenzake kichwani kabla haijatoka, ajue itapanda wapi na itauma wapi neno. Kwangu mimi huo ni utunzi wa daraja la juu kabisa, na ni haki jina lake liandikwe.

Kwa wasomaji wa Unguja hili lisiwe gumu kulielewa. Katika taarabu ya vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905 katika mji uleule aliozaliwa Mercury, mwenye shairi anaweza kuwa mtu mmoja, aliyelitia muziki mwingine, na aliyeliimba mwingine tena, na wapenzi wa taarabu huwatofautisha bila taabu. Wanajua kwamba fumbo ni la mshairi hata kama machozi ni ya mwimbaji. Sioni kwa nini tuwe makini hivyo na muziki wa nyumbani, halafu tuuchukulie kijuujuu muziki wa mtu tunayejivunia kwamba ni wa kwetu.

Siandiki haya kumpunguzia Mercury heshima. Utunzi wake unasimama wenyewe bila kuazima wa wengine. “Bohemian Rhapsody” ya mwaka 1975 ina urefu wa karibu dakika 6 na haina kiitikio kinachorudi. Inaanza na sauti tupu, inapita kwenye piano ya huzuni, inaingia katika kipande cha opera ambamo “Bismillahi” inasikika waziwazi, inalipuka kuwa roki, kisha inatulia. Sauti zile nyingi za opera ni za watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, waliorekodi sauti juu ya sauti kwa siku nyingi. Miaka minne baadaye, mtunzi huyohuyo alipata “Crazy Little Thing Called Love” akiwa anaoga hotelini mjini Munich, akaikamilisha kwa dakika chache kwa gitaa, chombo ambacho hakukimudu sana. Na kwa kuwa alijua mikao michache tu ya vidole, wimbo ukatoka mwepesi na wa moja kwa moja kama roki ya miaka ya 1950. Na kama ningeambiwa nichague wimbo wake mmoja, ningechagua “Somebody to Love” ya mwaka 1976, ambamo mfanyakazi aliyechoka hadi mifupa inamuuma anamuuliza Mungu swali, na wale watatu wanageuka kwaya nzima ya kanisa kumwitikia. Mtu mwenye nyimbo kama hizo hahitaji kuhesabiwa za mpiga besi.

Lipo pia suala la mirabaha, ambalo wanamuziki wetu wanalijua kwa machungu. Upande wa pili wa santuri ya “Bohemian Rhapsody” ulikuwa na wimbo wa Roger Taylor kuhusu gari, “I'm in Love with My Car”. Wachache walinunua santuri ile kwa ajili ya wimbo huo, lakini kwa utaratibu wa mirabaha, mtunzi wa upande wa pili hulipwa sawa na wa upande wa kwanza kwa kila nakala inayouzwa. Jambo hilo lilileta manung'uniko ya muda mrefu ndani ya kundi. Hatimaye, kuanzia albamu ya “The Miracle” ya mwaka 1989, wote wanne walikubaliana kwamba kila wimbo uandikwe kwa jina la Queen, bila kujali nani aliuleta.

Uamuzi huo uliwapa amani, na nauheshimu. Hata hivyo, kwa sisi wasikilizaji umefunika mambo ambayo tulistahili kuyaona, na hapa ndipo makosa ya magazeti yanaponiuma zaidi. Kila Novemba nasoma kwamba Mercury, akijua anakaribia kufa, alijiandikia wimbo wa kuagana na dunia, “The Show Must Go On”. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya wimbo huo ilitoka kwa Brian May. Mercury alikuwa mgonjwa sana waliporekodi, na May alikuwa na wasiwasi kama mwenzake angeweza kuzifikia noti za juu. Alizifikia, na kila mwenye masikio anaweza kuhakikisha. Wimbo ulitolewa Oktoba 1991, wiki chache tu kabla ya kifo chake. Vivyo hivyo “These Are the Days of Our Lives”, unaotajwa kama kumbukumbu za mwisho za Mercury mwenyewe, kwa sehemu kubwa ulitoka kwa Roger Taylor.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Rafiki anakaa na kumtafutia mgonjwa maneno ya kuisema hali yake, kisha anayaweka mbele yake bila kujua kama mwili utaruhusu, na mgonjwa anayapokea na kuyaimba kana kwamba yamezaliwa kifuani mwake. Hiyo ni habari ya urafiki wa watu waliofanya kazi pamoja miaka 20. Tukiandika kwamba Mercury alijiandikia mwenyewe, tunabaki na mtu mmoja anayejihurumia, na hivyo sivyo ilivyokuwa.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba mwandishi wenu anapotaja wimbo, wa Queen au wa kundi lolote, aweke jina la mtunzi kando ya jina la wimbo. Nafasi inayohitajika ni ya maneno mawili. Kwa Queen kazi hiyo si ngumu, kwa sababu katika albamu zao hadi “A Kind of Magic” ya mwaka 1986, majina ya watunzi yamechapishwa karibu kwa kila wimbo. Kwa albamu za baadaye, May na Taylor wameeleza mara nyingi katika mahojiano nani alianzisha nini. Watangazaji wa redio nao wakisoma barua hii, nawaomba wafanye vivyo hivyo kabla ya kupiga wimbo, hasa ukiwa wa John Deacon, ambaye ameacha shughuli za muziki kwa miaka mingi sasa na hasikiki akijisemea.

Wako,
Mpenzi wa muziki,
Tanga